Daftari la maziwa na ghala la data: jibu kwa msimamizi wa kanzidata wa Chumbageni

Swali: Shikamoo Mama. Naishi Chumbageni, Tanga. Nina miaka 7 nikisimamia kanzidata za taasisi moja ya mikopo: bekapu, ruhusa za watumiaji, kufufua seva, kurekebisha maswali ya SQL (lugha ya kuiulizia kanzidata) yanayokwama. Natamani kuhamia kwenye ghala la data, ile hazina inayokusanya data za muda mrefu kwa ajili ya ripoti na uchambuzi. Kurudi chuoni siwezi, nina watoto 2 na bando la kuungaunga. Nimeanza kozi 3 za mtandaoni, sijamaliza hata moja. Je, mtu anaweza kujifunza mwenyewe mpaka akaaminika? Nianzie wapi? Nina miaka 34, naogopa kuonekana mwanafunzi wa kuanza sifuri. Na muda wenyewe mchache, maana kila Jumamosi naenda Muheza kumsaidia mama mkubwa daftari za kituo cha kukusanyia maziwa.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa majukumu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limegota pale pale, kwenye ule mstari wa mwisho ulioutaja kama kisingizio cha kukosa muda. Kila Jumamosi umekaa Muheza na daftari za maziwa mapajani. Hilo ndilo darasa lako, na nitakueleza kwa nini. Lakini kwanza nikutoe hofu: ndiyo, mtu hujifunza mwenyewe mpaka akaaminika, na wewe huanzi sifuri. Unajua kusoma mpango wa utekelezaji, yaani hatua ambazo kanzidata inazifuata kujibu swali, ukaona swali limekwama wapi. Unajua kwamba bekapu ambayo haijawahi kurudishwa huwezi kuitegemea. Unajua nani aone nini na nani asione. Wapo wanaoitwa wahandisi wa data ambao hayo matatu wanayasikia tu kwa wenzao, na siku mambo yakiharibika wanamtafuta mtu kama wewe.

Kigumu kitakuwa mazoea yako. Yale yale yaliyokufanya mlinzi mzuri yatakushika mguu unapotaka kuwa mjenzi.

Kanzidata unayoilinda kazini imejengwa kwa ajili ya dirisha la keshia. Mwanachama amefika, analipa rejesho, salio linabadilika, risiti inatoka, mwingine asogee. Kila muamala ni mdogo, wa haraka, unagusa rekodi chache. Ili usalama uwepo, umefundishwa kila taarifa ikae mahali pamoja tu, ikibadilika ibadilike hapo. Ni mafundisho yanayotokana na makala ya mwaka 1970 ya Edgar Codd, mwasisi wa kanzidata za majedwali, na kwa kazi ile ni sahihi kabisa. Sisi wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Dirishani ndivyo ilivyo: salio la jana lilikuja, leo limeondoka, limeliachia nafasi la leo. Kwenye ghala la data, aliyekuja haondoki. Bill Inmon, Mmarekani aliyeandika kitabu cha msingi cha fani hii mwaka 1992, alilieleza ghala kwa sifa nne: limepangwa kwa mada za biashara, limeunganisha data za mifumo mbalimbali, linabeba wakati, na kilichoingia hakifutwi. Mbili za mwanzo utazielewa kwa wiki moja. Mbili za mwisho zilinigharimu heshima yangu kabla sijazielewa.

Nilikuwa msimamizi wa kanzidata kwenye kampuni moja ya kusambaza bidhaa za dukani. Wilaya ya Kilindi ilishamegwa kutoka Handeni, na kampuni nayo ikaamua kuligawa eneo lake la mauzo: Handeni abaki muuzaji wa zamani, Kilindi aende mpya. Nikaletewa orodha ya maduka yanayohama. Nilifanya ambavyo wewe ungefanya kesho asubuhi: amri moja ya kusasisha, safu wima ya eneo ikabadilika kwenye jedwali la wateja, nikathibitisha muamala, nikaenda kunywa chai. Sekunde 2. Nilijisikia fundi.

Bonasi ya mwaka uliokuwa umeisha ilikuwa bado haijalipwa. Wiki ya pili ripoti ikachapwa, na mauzo ya Handeni ya mwaka ule, ambayo kila mtu alishayaona kwenye kikao, yakawa yamepungua karibu nusu. Kila risiti ya zamani ya maduka yale sasa ilisomeka Kilindi. Muuzaji mpya, ambaye mwaka ule hata hakuwa ameajiriwa, alionekana ameuza vizuri. Yule wa Handeni akaja mezani kwangu na daftari lake la mkononi, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, akanifungulia ukurasa kwa ukurasa: duka hili, tarehe hii, katoni hizi. Hakupaza sauti. Alikuwa sahihi kwa kila mstari, na kanzidata yangu, yenye ruhusa zake zote na bekapu zake zote, ilikuwa inasema uongo niliouandika mimi. Ilibidi nirudishe nakala ya mwezi uliotangulia kwenye seva ya pembeni ndipo nipate maeneo ya zamani, na bonasi yake ikasahihishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema wazee. Siku ile ilikuwa karibu ipotee kwenye daftari langu, mtu akanusuriwa na la kwake.

Kwenye ghala, mtu anapohama hafutwi alipokuwa. Anapata rekodi nyingine. Chukua mfugaji wa kituo chenu, tumwite namba 118. Alikuwa anapeleka maziwa kituo cha mjini, na tarehe 1 Juni akahamia kituo cha jirani. Kwenye jedwali la wafugaji atakuwa na rekodi mbili. Ya kwanza ina ufunguo bandia 45 (namba ambayo ghala lenyewe linaipa kila rekodi), kituo cha mjini, inaanza siku aliyosajiliwa na kuisha 31 Mei. Ya pili ina ufunguo bandia 612, kituo cha jirani, inaanza 1 Juni, na mwisho wake umewekwa tarehe ya mbali kabisa, 31 Desemba 9999. Namba 118 imo kwenye zote mbili, ili ukitaka kumwona mtu mzima umwone. Maziwa ya Mei yanabeba 45, ya Juni yanabeba 612, na hakuna amri ya kesho itakayoyahamisha maziwa ya Mei. Wenye fani wanaiita dimensheni inayobadilika polepole, aina ya 2. Aina ya 1 ni ile niliyoifanya mimi, kuandika juu ya cha zamani. Nayo ina mahali pake: jina la mtu likikosewa herufi, lirekebishwe tu, hakuna historia ya kutunza hapo. Kabla ya kuchagua, jiulize kama kuna mtu atakayetaka kujua mambo yalikuwaje siku ile. Ukitaka kuona uzito wake kwa nchi nzima, tazama Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Anayeweka takwimu za Mbeya ya 2015 kando ya Mbeya ya 2017 bila kulijua hilo ataandika kwamba Mbeya imeporomoka, na kila namba aliyotumia itakuwa ya kweli.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kama ungeniambia nikufundishe moja tu, ningechagua hilo. Ralph Kimball, ambaye kitabu chake cha kwanza kuhusu ghala kilitoka 1996, alipanga kazi ya usanifu katika hatua nne: chagua shughuli ya biashara, tamka punje, tafuta dimensheni, tafuta fakti. Fakti ni unachopima: lita, shilingi, siku za kuchelewa. Dimensheni ni yale unayoyaulizia fakti: nani, wapi, lini, aina gani. Jedwali la fakti hukaa katikati, dimensheni zinalizunguka, ndiyo maana umbo lake huitwa nyota. Watu hukimbilia nyota kwa sababu inachoreka vizuri ubaoni. Punje wanairuka. Nayo punje ni jibu la swali moja fupi: rekodi moja ya jedwali la fakti ni nini hasa?

Twende Muheza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mfugaji anashusha ndoo kwenye baiskeli. Mpokeaji anayakoroga maziwa, anachovya laktomita aone kama yameongezwa maji, anachota kidogo na kuyachanganya na spiriti aone kama yatakatika. Yakipita yanamiminwa na lita zinaandikwa. Yakishindwa, mfugaji anarudi nayo nyumbani. Jioni wengine wanaleta tena. Mwisho wa mwezi mama mkubwa anajumlisha, anakata mkopo wa dawa na chakula cha mifugo, anaandika malipo.

Rekodi moja ni nini? Ukisema mfugaji kwa mwezi, umenakili daftari la malipo, na hutaweza kumweleza mtu yeyote kwa nini Aprili ilikuwa mbaya. Ukisema mfugaji kwa siku, umepoteza tofauti ya asubuhi na jioni, na kama maziwa ya jioni ndiyo yanayoharibika, umejifungia mlango wa kujua. Mimi ningeanza hivi: rekodi moja ni maziwa ya mfugaji mmoja yaliyopokelewa au kukataliwa katika zamu moja kwenye kituo kimoja. Angalia neno kukataliwa. Kama daftari linaandika yaliyopokelewa tu, basi swali la lita ngapi tunapoteza halina jibu, hata ukinunua seva ya bei gani. Huo ndio uhandisi wa ghala, mwanangu. Umeona kwamba sijataja programu yoyote mpaka hapa.

Ukishaitamka punje, iandike juu kabisa ya karatasi na usiisaliti. Usije ukaingiza kwenye jedwali lile lile jumla za mwezi kwa sababu meneja ameziomba. Punje mbili kwenye jedwali moja huzaa kuhesabu mara mbili, na kosa hilo halitoi ujumbe wowote kwenye skrini. Linakaa kimya hadi mtu alipwe zaidi.

Zipo fakti zinazojumlishika kila upande, kama lita. Zipo zinazojumlishika upande mmoja tu, na kazini kwako unaishi nazo: salio. Mwanachama mwenye salio la shilingi 400,000 kila siku kwa siku 30 hana shilingi 12,000,000. Unaweza kujumlisha masalio ya wanachama wote kwa siku moja. Ya mwanachama mmoja kwa siku nyingi unatafuta wastani au unachukua la siku ya mwisho. Asilimia na uwiano usizihifadhi kama fakti za kujumlishwa. Hifadhi vinavyozizaa, kisha ukokotoe wakati wa kuuliza. Halafu kuna vipimo. Kituo kimoja kinapima lita kwa jagi, kingine kina mzani na kinaandika kilo. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, kwa hiyo lita 1,000 ni kama kilo 1,030. Ukizijumlisha bila kugeuza, kituo chenye mzani kitaonekana kinawazidi wenzake kwa asilimia 3 kila siku ya Mungu, na watu wataanza kumsifu msimamizi wake.

Jedwali la tarehe litakushangaza. Wewe umezoea tarehe kuwa safu tu. Kwenye ghala ni jedwali kamili, rekodi moja kwa kila siku. Kuanzia 2020 hadi mwisho wa 2029 ni rekodi 3,653, kitu kidogo sana, lakini ndani yake unaweka kila kitu ambacho kalenda ya kompyuta haikijui: siku ya wiki, sikukuu, mwaka wa fedha wa serikali unaoanza 1 Julai, msimu wa masika, na kwa Tanga yetu lazima uweke Ramadhani. Machi ya 2025 karibu yote ilikuwa mwezi wa kufunga. Machi ya 2023 ilikuwa wiki moja tu ya mwishoni. Anayelinganisha maziwa yaliyouzwa Machi na Machi bila safu hiyo analinganisha mfungo na siku za kawaida. Na kama unapokea miamala ya malipo ya simu, angalia seva inaandika saa ya wapi. Sisi tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia ya UTC, kwa hiyo malipo ya saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi yataandikwa tarehe ya mwisho ya Februari, yaingie mwezi mwingine, na hesabu zako na za mhasibu hazitakutana kamwe.

Kupakia data ndiko kutakakokula muda mwingi kuliko yote niliyoyasema, na huko ulinzi wako utakusaidia. Shika mambo matatu. Kwanza, kupakia mara mbili kusilete maziwa mara mbili: umeme ukikatika katikati, uanze tena bila kujiuliza umefika wapi. Futa siku hiyo yote kwenye jedwali la kupokelea, lile linaloshika data kabla haijaingia ghalani, ipakie upya, zote ndani ya muamala mmoja. Pili, tunza tarehe mbili, ya tukio lenyewe na ya kuingia ghalani, kwa sababu kuna ukurasa wa Jumatatu utakaoletwa Jumamosi. Tatu, weka kwenye kila dimensheni rekodi moja ya "haijulikani". Mfugaji ambaye hajasajiliwa ataleta maziwa, na kiunganishi cha kawaida cha SQL, amri ya kuoanisha majedwali mawili, kitayadondosha kimya kimya. Ukiwa na rekodi hiyo, maziwa yake yanaingia, na wewe unapata orodha ya wa kusajili. Kila ukimaliza, jumla ya ghala ilingane na jumla ya ukurasa wa daftari. Isipolingana kwa lita 3, zitafute hizo lita 3. Nimejifunza mengi kwa kutafuta lita 3 kuliko kwa kozi yoyote niliyolipia.

Kuhusu zana nitakwenda haraka, kwa sababu wewe si mgeni. PostgreSQL, programu ya kanzidata, inatosha kuanzia, haina malipo, na nyaraka zake zote zinapakuliwa kama faili moja la PDF, ukae nazo bila bando. Ongeza DuckDB, programu ya kanzidata ya uchambuzi iliyotoka kwenye taasisi ya utafiti ya CWI ya Amsterdam, toleo la kwanza mwaka 2019. Haitaki seva, inaishi ndani ya kompyuta mpakato yako, inasoma faili za CSV moja kwa moja. Nayo itakufundisha kitu kimoja kikubwa, uhifadhi kwa safu. Fikiria jedwali la rekodi milioni 10, kila rekodi baiti 200: ni gigabaiti 2. Unataka jumla ya lita tu, na lita ni baiti 4. Kanzidata uliyoizoea, inayohifadhi rekodi nzimanzima, itapitia gigabaiti 2. Inayohifadhi kila safu peke yake itasoma megabaiti 40, hata kabla ya kubana. Ndiyo maana kule ghalani kusoma jedwali zima si dhambi, na faharasa (orodha za kutafutia rekodi haraka) ulizozizoea kuzitungia kila swali zinapungua kazi. Hili litakuuma kidogo. Miaka 7 umekuwa ukifukuza maswali yanayosoma jedwali zima kama unavyofukuza kuku jikoni.

Ndani ya SQL yenyewe, tenga muda kwa vitendakazi vya dirisha, amri zinazoiweka rekodi moja kando ya jirani zake; dirisha hili si lile la keshia. Vimo kwenye kiwango rasmi cha SQL tangu 2003, na wasimamizi wengi hawavigusi kwa sababu kazi ya dirisha la keshia haivihitaji. Lita za leo kando ya lita za jana za mfugaji yule yule, wastani wa siku 7, rekodi ya karibuni kwa kila mtu: hayo yote yako humo. Ongeza Python, lugha ya kuandikia programu, ya kiasi cha kusafisha faili tu. Huduma kubwa za ghala za mtandaoni kama BigQuery, Redshift na Snowflake ziache mwishoni. Ukiijua punje, utazisoma kwa wiki chache. Usipoijua, zitakutoza pesa kwa kukuonyesha makosa yako haraka zaidi. BigQuery kwa utaratibu wake wa kulipia matumizi huhesabu data iliyosomwa, kwa hiyo mazoea ya kuita safu zote kwa alama ya nyota (*) yana bei.

Kozi 3 ulizoziacha, usizirudie zote. Chagua moja ya usanifu wa dimensheni, na uisome kwa maandishi kuliko video, bando lako lipumue. Kama utanunua kitabu kimoja, nunua toleo la tatu la kitabu cha Kimball, alichokiandika na Margy Ross, la mwaka 2013. Sura za mwanzo zisome taratibu, zilizobaki zichukue kama kamusi. Kwa mama wa watoto 2, mimi ningepanga dakika 90 za alfajiri kabla hawajaamka, siku 4 kwa wiki, na ningejipa miezi 9. Mitatu ya kwanza iwe ya kusanifu na kuingiza daftari za mwaka mmoja. Utaandika kwa mkono, kurasa nyingi, na usione ni kazi ya chini: utakutana na majina yaleyale yaliyoandikwa namna tatu, na namba zilizokatwa na kuandikwa juu, na huko ndiko ghala linakojengwa. Miezi mitatu inayofuata iwe ya kupakia na kulinganisha hesabu. Iliyobaki iwe ya ripoti ambazo mama mkubwa mwenyewe atazisoma. Cheti kama utakitaka, kifuate hapo. Mimi nimekaa upande wa kuajiri, na mtu aliyeniletea ghala dogo linalofanya kazi, akanieleza kwa nini mfugaji 118 ana rekodi mbili, sikumuuliza vyeti.

Nakuonya kwa moyo wote juu ya jambo moja. Usichukue data ya kazini ukafanyie mazoezi nyumbani, hata rekodi 10, hata ukisema utafuta. Ni siri za wanachama waliowaamini, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023. Hata za Muheza, omba ruhusa ya kituo, na kwenye nakala yako majina na namba za simu vibadilishwe na namba tu. Utakapokwenda kuonyesha kazi yako kwa mwajiri, hilo nalo litakusemea.

Na kazini usingoje miezi 9 iishe ndipo useme. Kila taasisi ya mikopo ina ripoti moja inayoning'iniza mfumo mwisho wa mwezi, madirisha yakazubaa na foleni ikafika mlangoni. Wewe unaijua kwa jina. Mwombe mkuu wako nakala hai ya kanzidata kwenye seva ya pembeni, ya kusoma tu, ripoti ile ihamie huko. Hilo bado si ghala, lakini utakuwa umetenganisha kazi ya dirishani na kazi ya kuuliza, na watu wa mikopo wataanza kukuletea maswali yao. Kaa nao. Waulize wanaposema "mkopo mbaya" wanahesabu kuanzia siku ya ngapi ya kuchelewa, na kama mhasibu naye anahesabu hivyo. Utakuta hawakubaliani. Kuwakutanisha kwenye maana moja, ukaiandika, wakaisaini, ndiyo kazi ambayo hakuna seva itakayoifanya badala yako. Na hapo hutaonekana mwanafunzi. Utaonekana mtu aliyekaa miaka 7 ndani ya data hiyo na sasa anajua kuulizia.

Jumamosi hii ukifika Muheza, kompyuta iache Chumbageni. Mwombe mama mkubwa daftari la mwezi uliopita, kaa kando yake, na muulize hivi: mfugaji akileta ndoo mbili zamu moja, moja ikapita na nyingine ikakataliwa, unaandika mistari mingapi? Jibu lake litaisimamisha sentensi yangu ya punje au litaibomoa. Likiibomoa, andika ya kwako, na uniandikie.